Jules Verne: Mfaransa Aliyepitisha Puto Juu ya Kaole

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu nimependa kuwaletea habari za maisha ya Jules Verne, Mfaransa aliyetunga hadithi za kisayansi, aliyefariki dunia mwaka 1905. Najua wapo watakaouliza kwa nini mwanafunzi anayesoma hapa Mkange awaache mashujaa wa nchi yake, aandike habari za Mfaransa. Jibu langu ni hili. Kitabu kilichompa mtu huyu jina duniani huanza safari yake Unguja. Puto likishavuka bahari, nchi inayotajwa ni Mrima, na kijiji kinachoonekana chini ni Kaole, hii hii Kaole yetu iliyo karibu na Bagamoyo. Tena vitabu vyake vimegeuzwa kuwa sinema mara nyingi mno, na kitabu hicho cha puto kimo. Basi habari zake zinatuhusu mara mbili: yeye alitutia katika kitabu chake, na watu wa sinema wakakichukua kitabu kile wakafanya nacho walivyopenda.

Jules Verne alizaliwa tarehe 8 Februari, 1828, katika mji wa Nantes, magharibi ya Ufaransa. Mji huo uko kando ya mto mkubwa uitwao Loire, na wakati ule merikebu zilikuwa zikiingia na kutoka kwenda nchi za mbali. Baba yake alikuwa mwanasheria, na kwa kuwa Jules alikuwa mtoto wa kwanza, alitakiwa airithi kazi ya baba yake. Ndugu yake Paul alikwenda baharini akawa ofisa wa manowari. Watu husimulia kwamba Jules naye, akiwa na umri wa miaka 11, alitoroka nyumbani ili apande merikebu, akakamatwa na kurudishwa. Waliochunguza maisha yake wanaitilia shaka hadithi hiyo. Lisilo na shaka ni kwamba aliipenda bahari tangu utoto hata uzee.

Alipokuwa kijana alipelekwa Paris kusoma sheria. Akasoma, akafaulu, lakini moyo wake haukuwa huko. Alipenda michezo ya kuigiza. Alijuana na mtungaji mkubwa wa wakati ule, Alexandre Dumas, na mwaka 1850 mchezo wake mmoja wa kuchekesha ulichezwa katika ukumbi wa Dumas. Baba yake alimtaka arudi Nantes ashike kazi ya uwakili, naye akakataa. Mwaka 1852 akapata kazi ya ukarani katika ukumbi mmoja wa michezo. Mshahara ulikuwa haba, na michezo aliyoitunga haikumpa jina.

Lakini katika siku hizo za dhiki alijizoeza jambo moja ambalo nadhani ndilo siri ya maisha yake yote. Alikuwa akienda maktaba kila apatapo nafasi, anasoma habari za jiografia, za mitambo, za nyota, za wanyama, za wasafiri waliorudi kutoka nchi zisizojulikana kwao. Kila alipoona jambo la maana aliliandika katika kikaratasi na kukiweka. Vikaratasi hivyo vilizidi mwaka hata mwaka hata vikawa maelfu. Mwaka 1857 alimwoa mjane mmoja aliyeitwa Honorine, mwenye binti wawili, na ili kulisha nyumba yake akaingia kazi katika soko la hisa. Mwaka 1861 walimpata mtoto wao wa kiume, Michel. Jules alikuwa akiamka alfajiri aandike kwanza, ndipo aende kazini. Sisi tunaokaa bwenini twajua thamani ya saa ile ya alfajiri, kabla kengele haijapigwa na kelele hazijaanza.

Mwaka 1862 alipeleka maandishi ya hadithi kwa mchapishaji mmoja wa Paris, Pierre-Jules Hetzel. Hetzel aliyapenda, na kitabu kikatoka tarehe 31 Januari, 1863. Jina lake kwa Kiswahili ni Majuma Matano Katika Puto. Kilinunuliwa sana. Hetzel akafanya naye mapatano ya kuandika vitabu kila mwaka, na Jules akaaga soko la hisa. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Sasa nieleze kidogo yaliyomo katika kitabu hicho, kwa maana ndicho kitutiacho sisi katika habari hii. Mwingereza mmoja, Daktari Samuel Fergusson, anataka kuvuka Afrika kutoka mashariki hadi magharibi kwa puto. Pamoja naye wako rafiki yake Dick Kennedy, mwindaji wa Uskochi, na mtumishi wao Joe. Wanaondoka Unguja tarehe 18 Aprili, 1862, wanavuka mlango wa bahari, wanapita juu ya Mrima na Uzaramo, wanafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, wanaiona chemchemi ya Mto Nile, na baada ya majuma matano wanaokolewa na askari wa Kifaransa kando ya Mto Senegal. Safari hiyo haikufanyika. Yote ni ya kubuni.

Wanafunzi wa sayansi watapenda kujua jinsi puto lile lilivyofanya kazi. Puto la kawaida la haidrojeni likitaka kupanda, lazima mifuko ya mchanga itupwe. Likitaka kushuka, lazima hewa itolewe. Mchanga huisha, na hewa huisha, na safari huisha. Fergusson hatupi mchanga wala hatoi hewa. Amechukua maji na betri. Kwa umeme anayachambua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, kisha anaziwasha pamoja zitoe moto mkali. Moto huo unapasha mabomba yaliyozungushwa, na hewa ya puto ikipita ndani yake inapata joto, inatanuka, na puto linapanda. Moto ukipunguzwa, hewa inajikunja, na puto linashuka. Sisi tumesoma mambo haya darasani, kuchambua maji kwa umeme na kutanuka kwa hewa, na mimi nilipoyakuta katika hadithi nilifurahi sana. Hata hivyo betri za wakati ule zisingeweza kutoa nguvu za kutosha kwa kazi hiyo, na kuwasha moto chini ya puto la haidrojeni ni kuita kifo. Lakini msomaji akiwa ndani ya kitabu hayafikiri hayo, kwa sababu kila kitu kimepimwa na kupewa hesabu yake.

Na sasa nije kwa Kaole. Kitabu chasema puto lilipopita juu ya kijiji hicho, watu wote walitoka wakapiga kelele za hasira na hofu, wakalitupia mishale. Kabla ya hapo, huko Unguja, kitabu chasema watu walitaka kuwazuia wasafiri kwa kuwa walidhani wanakwenda kulidhuru jua na mwezi, ambavyo watu wa kisiwa huviabudu. Mtu yeyote wa pwani akisoma hapo atashangaa. Watu wa Unguja na wa Mrima walikuwa Waislamu tangu karne nyingi kabla Jules Verne hajazaliwa. Mwezi wanautazama ili wajue siku ya kuanza kufunga na siku ya kufungua, hawauabudu. Pale Kaole penyewe magofu yangali yanaonekana hata leo: misikiti miwili ya mawe ya matumbawe na makaburi yenye nguzo. Msikiti wa kale zaidi wasemekana kuwa wa karne ya 13. Puto la Fergusson kama lingalipita kweli, lingalipita juu ya msikiti ulio mkongwe kuliko majumba mengi ya Paris, na mwandishi hakuuona.

Hakuuona kwa sababu hakufika. Habari za nchi yetu alizipata katika vitabu vya wasafiri wa Kiingereza, hasa Burton na Speke, waliovuka kutoka Unguja mwaka 1857 wakashukia Kaole, kisha wakaenda bara hata Ziwa Tanganyika. Walichokiandika wao ndicho alichokisoma yeye. Burton alieleza kwamba Unyamwezi maana yake ni nchi ya mwezi. Basi Verne akalichukua neno hilo moja akalitungia kisa kizima: puto linafika Kazeh, watu wanadhani ni mwezi umeshuka, wanawapokea wasafiri kama watoto wa mwezi, mpaka usiku mwezi wa kweli unapochomoza na wasafiri wanakimbia. Kisa kinachekesha, nami nilicheka. Lakini Kazeh ya wakati ule ilikuwa mji wa biashara, wenye Waarabu na Waswahili na Wanyamwezi wapagazi waliokwisha kutembea kutoka ziwani mpaka baharini na kurudi. Si watu wa kudanganywa na puto usiku kucha.

Jambo hili tulilijadili katika chama chetu cha mdahalo. Wenzangu wengine walisema kitabu cha namna hii kisikae katika maktaba. Wengine wakasema mwandishi asihukumiwe kwa mambo ambayo watu wote wa nchi yake wakati ule waliyaamini. Mimi nilisimama upande wa tatu. Nilisema kitabu kikae, kisomwe, na makosa yake yajulikane. Baada ya mdahalo huo ndipo nilipotaka kujua zaidi mtu huyu alikuwa nani, na makala hii ni matunda ya kutafuta huko.

Baada ya kitabu cha puto, Verne aliandika bila kuchoka. Mwaka 1865 kilitoka kitabu cha watu wanaorushwa kutoka duniani hadi mwezini kwa mzinga mkubwa. Hesabu za safari hiyo aliomba zitazamwe na jamaa yake, Henri Garcet, aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Aliwapandisha watu watatu, akawarushia Florida katika Marekani, akawazungusha mwezi, akawashusha katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1968 Wamarekani watatu waliondoka Florida katika chombo cha Apollo 8, wakauzunguka mwezi, wakashukia Pasifiki. Mzinga usingefaa, maana mtu angekufa pale pale unapopigwa; lakini mengine yalikuwa karibu na kweli kwa namna ya ajabu.

Kisha mwaka 1869 na 1870 ikatoka hadithi ya Ligi Elfu Ishirini Chini ya Bahari. Wengi hudhani idadi hiyo ni kina cha bahari. Sivyo. Ni urefu wa safari, kama kilomita 80,000, yaani kuizunguka dunia mara mbili. Nyambizi inayosafiri humo ni Nautilus, inayokwenda kwa umeme, na mwenyewe ni Nahodha Nemo, mtu mwenye elimu kubwa na uchungu mkubwa moyoni. Verne alitaka Nemo awe Mpolandi ambaye jamaa zake waliuawa na Warusi. Hetzel alikataa, kwa sababu hakutaka kuwaudhi Warusi, ambao walikuwa wanunuzi wa vitabu vyao. Basi katika kitabu hicho Nemo hana nchi. Lakini katika Kisiwa cha Ajabu, kilichomalizika kutoka mwaka 1875, Verne alilifungua fumbo: Nemo ni mwana wa mfalme wa Kihindi, jina lake Dakkar, aliyepigana na Waingereza katika vita vya mwaka 1857 na kupoteza mke na watoto. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana nitalirudia.

Wala isisemwe kwamba Verne hakuwa na huruma kwa Mwafrika. Mwaka 1878 aliandika hadithi ya nahodha wa miaka kumi na mitano, ambamo anaeleza biashara ya watumwa katika Angola na kuilaani kwa nguvu. Sisi tunaoishi karibu na Bagamoyo, ambako misafara ya pembe na ya watumwa ilikuwa ikishukia, hatuwezi kulipuuza hilo.

Tangu mwaka 1871 alikaa Amiens, kaskazini ya Ufaransa, mji wa mkewe. Alinunua chombo cha baharini, akakiita Saint-Michel. Cha kwanza kilikuwa mashua ya uvuvi, cha pili jahazi kubwa zaidi, na cha tatu merikebu ndogo ya moshi. Alisafiri hata Algeria na Tunisia, lakini pwani yetu hakuiona kamwe. Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo: mtu aliyejulikana ulimwenguni kwa hadithi ya puto alipanda puto mwaka 1873, miaka kumi baada ya kuandika, na safari yenyewe ilikuwa ya dakika 24 tu juu ya Amiens.

Mapenzi yake ya michezo ya kuigiza hayakufa. Mwaka 1874 alishirikiana na Adolphe d'Ennery kuigeuza hadithi yake ya Kuizunguka Dunia kwa Siku Themanini kuwa mchezo wa jukwaani. Waliongeza mambo yasiyokuwamo kitabuni, kama pango la nyoka, na tembo hai akaletwa jukwaani. Mchezo ulianza Novemba 1874 ukaendelea zaidi ya mwaka mzima, na ulimtajirisha kuliko kitabu chenyewe. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuzibadili hadithi za Verne ili ziwafae watazamaji alikuwa Verne mwenyewe, wala hakuona haya. Alijua kwamba jicho lina njaa yake na sikio lina yake.

Miaka ya mwisho haikuwa mizuri. Mwezi Machi 1886 mpwa wake, kijana aliyepatwa na wazimu, alimpiga risasi ya mguu, na tangu siku hiyo Verne alichechemea. Mwezi huo huo Hetzel akafa. Mwaka uliofuata akafa mama yake. Hata hivyo mwaka 1888 alichaguliwa katika baraza la mji wa Amiens, akalitumikia miaka mingi, akishughulika hasa na mambo ya ukumbi wa michezo na shule. Aliugua kisukari, macho yakafifia, naye akaendelea kuandika. Alifariki tarehe 24 Machi, 1905, akazikwa Amiens. Ameacha vitabu zaidi ya 60, na kimoja alichokikataa Hetzel kilipatikana mwaka 1989 na kuchapishwa mwaka 1994, karibu miaka 90 baada ya kifo chake.

Alipokuwa angali hai, sinema ilikuwa imezaliwa. Mwaka 1902 Georges Méliès, mfanya viinimacho wa Paris, alitengeneza picha fupi ya watu wanaokwenda mwezini. Mawazo aliyachukua katika kitabu cha Verne na katika kitabu cha Mwingereza H. G. Wells. Picha ile haina sauti, nayo haifiki robo ya saa, lakini mpaka leo watu wanaijua sura ya mwezi wenye chombo kilichochomwa jichoni. Baada ya baba kufa, Michel Verne naye aligeuza hadithi kadhaa za baba yake kuwa sinema, kati ya mwaka 1916 na 1919. Huko Marekani mwaka 1916 ilitoka sinema ya Nautilus iliyopigwa chini ya maji ya visiwa vya Bahama, jambo lililowashangaza watu wote wa siku zile.

Sinema iliyojulikana zaidi ni ile ya Walt Disney ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Richard Fleischer. Muhula uliopita tulionyeshwa ukumbini. Mapigano ya mabaharia na ngisi mkubwa yalitutoa jasho. Nimesoma baadaye kwamba mapigano hayo yalipigwa picha mara mbili. Mara ya kwanza yalifanywa bahari ikiwa shwari na jua linakuchwa, na nyaya zilizokuwa zikimwendesha ngisi zikaonekana. Basi yakafanywa upya kwa gharama kubwa, usiku, katika tufani, mawimbi na mvua zikazificha nyaya. Kitabuni ngisi hao wanakuja mchana, na ni wengi. Hapa mtengenezaji aliacha maneno ya kitabu lakini akakitunza kitisho chake, nami nasema alifanya vema. Sinema hiyo ilipata tuzo mbili za Oscar, moja kwa ufundi wa picha na nyingine kwa mapambo yake.

Lakini Nahodha Nemo alichezwa na James Mason, Mwingereza, na mwana wa mfalme wa Kihindi hatajwi. Hasira yake imebaki. Sababu ya hasira imeondolewa. Mtu aliyepoteza nchi yake kwa Waingereza anakuwa na sura ya Mwingereza. Hilo si sawa na kubadili jua kuwa tufani. Tufani ilibadilisha namna ya kusimulia. Hili limebadilisha nani anasimuliwa.

Mwaka 1956 ikaja sinema ya kuizunguka dunia, iliyopata tuzo tano, pamoja na ile ya picha bora ya mwaka. Watu wengi wakiikumbuka hukumbuka puto. Kumbe katika kitabu cha siku themanini hakuna safari ya puto hata moja! Puto ni la kitabu kile kingine, kile kilichoanza Unguja. Watu wa sinema walilifungua kamba huku wakalifunga kule.

Hatimaye mwaka 1962 Irwin Allen alikigeuza kitabu cha puto chenyewe kuwa sinema, katika kampuni ya 20th Century-Fox ya Marekani. Dick Kennedy na Joe hawamo. Puto limebadilishwa jina, kutoka Victoria kuwa Jupiter. Wameongezwa wasichana, mwandishi wa gazeti, sokwe na kijana mwimbaji. Ahmed, mfanyabiashara wa watumwa, alichezwa na Peter Lorre, mzaliwa wa Ulaya. Na safari, ambayo kitabuni ilikuwa ya elimu, imekuwa mashindano ya kwenda kusimika bendera ya Uingereza kando ya Mto Volta kabla hawajafika wafanya biashara ya watumwa. Tazama tarehe. Ghana, nchi ya Volta, ilipata uhuru mwaka 1957. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961. Mwaka uliofuata, bendera zetu zikiwa bado mpya, sinema ile ikawaonyesha watu wa dunia Waingereza wakishindania kusimika ya kwao. Verne alikosea kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua. Waliokuja baada ya miaka 99 walikuwa na magazeti.

Kutokana na haya nimepata kujua jambo moja. Anayegeuza kitabu kuwa sinema ana ruhusa ya kukata, kuongeza na kupanga upya. Verne mwenyewe alifanya hivyo. Lakini kila akatapo anachagua, na kila achaguapo huonekana ni nani anayemhesabu kuwa mtu. Tena ana nafasi ambayo mwandishi aliyekufa hana tena: anaweza kusahihisha.

Na sisi je? Verne aliposhughulika na mwezi alimwuliza mwalimu wa hesabu. Aliposhughulika na Kaole hakuwa na Mkaole wa kumwuliza. Si kwamba watu wa pwani hawakujua kuandika. Walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Lakini maandishi yao hayakuwa katika maktaba ya Paris. Mwaka 1903, Verne akiwa bado hai, kilichapishwa huko Ujerumani kitabu cha desturi za Waswahili, na mwandishi wake mkuu alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, hapa hapa karibu na Bagamoyo. Humo watu wa Mrima wanazaliwa, wanasoma chuoni, wanaoa, wanafanya biashara, wanazikana. Hakuna hata mmoja anayeuabudu mwezi. Kitabu hicho kilichelewa miaka 40 kumfikia mwenye puto.

Basi ningependa siku moja mtu wa kwetu aitengeneze upya sinema ya puto lile. Asilitupe puto, maana ni zuri, wala asiifute hesabu ya haidrojeni, maana ndiyo utamu wake. Ila aiweke kamera chini, Kaole, si juu katika kikapu. Atuonyeshe mvuvi anayekunja wavu, mwalimu na watoto wa chuo, bibi anayesuka mkeka, mpagazi Mnyamwezi aliyetua mzigo, wote wakiinua macho. Wengine wataogopa, kwa kuwa hata Ufaransa wako watu walioogopa maputo yalipoonekana mara ya kwanza. Wengine watataka kujua lapandaje. Mmoja, pengine mtoto, atalifuata kwa miguu mpaka lipotee upande wa Uzaramo, kisha arudi akayaandike aliyoyaona.

Kwa kazi hiyo watahitajika watu wanaojua fizikia na watu wanaojua historia, na bora zaidi wale wanaojua zote mbili. Ndiyo maana nawasihi wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili wasiseme kwamba wao ni wa sayansi hivyo historia haiwahusu, au wao ni wa historia hivyo hesabu haziwahusu. Verne hakuchagua. Na wazazi wetu watakaosoma ukurasa huu, nawaomba watusimulie wanayoyajua ya hapa Mkange, Miono, Saadani na Bagamoyo, nasi tutayaandika katika vikaratasi, kimoja kimoja, kama alivyofanya yeye.